Mdomo wa Kobe Ukirefuka, Chunguza Sahani Yake

BILA shaka umewahi kuusikia msemo kwamba ukimwona kobe juu ya mti, fahamu kuna aliyempandisha. Wengi huutumia msemo huo wanapozungumzia siasa na vyeo vya watu. Leo tunautumia kwa kobe mwenyewe, yule wa madoa meusi na manjano anayetambaa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu huko Eastleigh au South C. Hakupanda ngazi kwa miguu yake. Kuna aliyemleta, na aghalabu aliyemleta ni mtu anayempenda.

Mwaka wa kwanza mambo huwa shwari. Watoto humlisha nyanya, wageni humpiga picha, naye hana kelele wala haumi mtu. Kisha siku moja mama mwenye nyumba hugundua kwamba mdomo wa juu wa kobe umechomoza na kupinda kuelekea chini kama mdomo wa kasuku. Mnyama huligonga jani la sukuma wiki, hulikosa, huligonga tena, na hatimaye huliacha likianguka. Baba hutazama, hukumbuka koleo iliyo kwenye sanduku la vifaa, na kusema, "Hilo ni jambo dogo, nitalikata sasa hivi."

Tafadhali, ewe baba, iache hiyo koleo sandukuni. Mdomo wa kobe haurefuki bure. Una sababu, na mara nyingi sababu hiyo haimo mdomoni bali imo katika sahani ya chakula na katika kivuli cha nyumba anamoishi. Ukikata mdomo ukaiacha sababu, utakata tena na tena hadi siku moja ukate pasipokatwa.

Safari ya kutoka Tarbaj

Ili tuelewane vizuri, twende kwanza nyumbani kwa kobe huyu. Tarbaj ni mji mdogo wa kaunti ya Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye barabara itokayo Wajir mjini kuelekea El Wak na Mandera. Zamani sehemu hiyo ilihesabiwa ndani ya eneo bunge la Wajir Mashariki, lakini tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2013 Tarbaj ni eneo bunge linalojitegemea, lenye wadi za Elben, Sarman, Tarbaj na Wargadud. Ni nchi ya ngamia, mbuzi na kondoo, yenye jua kali, vichaka vya miiba na mchanga.

Katika nyika kavu kama hizo ndiko anakoishi kobe-chui, ambaye wazungumzaji wa Kisomali humwita diin kama wanavyowaita kobe wengine. Jina la kobe-chui limetokana na madoa yake. Jamii yake imetapakaa kutoka Sudan, Ethiopia na Somalia hadi kusini kabisa mwa Afrika. Mvua za Gu zinapoanza, kwa kawaida mwezi wa Aprili hivi, na zile za Deyr zinapokuja kuanzia Oktoba, nyasi huchipuka naye hutoka mafichoni kula na kutafuta mwenzi. Wakati huo ndipo magari hukutana naye akivuka barabara.

Sasa chukulia mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekwenda kwao Tarbaj wakati wa likizo. Anamwona diin mdogo kando ya njia, anamhurumia, anamtia katika katoni na kupanda naye basi. Ayeyo wake amemwambia, "Mwache mnyama wa Mungu aende zake," lakini kijana keshaamua. Wanapita Habaswein, wanapita Modogashe, wanapita Garissa na Mwingi, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, mpaka Nairobi. Aliyekuwa akila nyasi kavu na kuota jua la Wajir sasa anakaa chini ya meza ya jikoni, akiletewa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Ugonjwa wa mdomo huanzia hapo, ingawa utaonekana baada ya miezi mingi.

Mdomo usio na meno

Kobe hana jino hata moja. Taya zake zimevikwa gamba gumu lenye ukingo mkali, na gamba hilo limefanywa kwa keratini, yaani kitu kile kile kinachofanya kucha zako, pembe za mbuzi na kwato za ng'ombe. Hukata chakula kwa ukingo huo kama mtu anayetumia mkasi, kisha humeza bila kutafuna sana. Ndivyo walivyo kobe wote, tangu huyu wa Tarbaj hadi yale majitu ya kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambayo ukoo wao ulianza kwa kobe wanne walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Ndivyo alivyo pia yule Mzee wa Haller Park huko Bamburi, Mombasa, aliyepata sifa duniani kote pale kiboko mchanga aitwaye Owen alipomfanya rafiki yake baada ya tsunami ya Desemba 2004.

Gamba hilo la mdomo hukua maisha yote, kama ukucha usivyoacha kukua. Tofauti ni kwamba porini hakuna anayelikata, na bado halizidi kipimo. Ni nini basi kinachoupunguza mdomo wa kobe wa nyikani?

Jibu ni kazi. Nyasi zina chembechembe ngumu mfano wa mchanga, nazo huusaga ukingo wa mdomo kidogo kidogo kila siku. Kobe huliuma jani, hulikanyaga kwa mguu wa mbele, na kuvuta shingo nyuma mpaka likatike. Hula akiwa ameinamia ardhi, hivyo mdomo hukwaruzana na changarawe na mawe. Tena kobe-chui ana tabia ya kuguguna mifupa mikavu anayoikuta njiani, na hata mavi meupe ya fisi, ambayo weupe wake watokana na mifupa aliyokula fisi. Anatafuta kalisi ya kujengea mifupa na gamba lake. Nchi ya Wajir ina mawe mengi ya chokaa, kwa hiyo hapungukiwi.

Mfugaji wa Tarbaj ataelewa jambo hili haraka kwa kutazama kwato. Mbuzi anayetembea juu ya mawe kutwa nzima hahitaji kukatwa kwato, kwani ardhi yenyewe ni tupa. Lakini ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa zizini huko Kiambu, akisimama juu ya matope laini na kuletewa majani mdomoni, kwato zake hurefuka na kupinda hata akashindwa kutembea vizuri. Kwato hizo hazina kosa. Zimekosa njia ya kuchakaa. Mdomo wa kobe wa mjini uko katika hali hiyo hiyo.

Mjini kuna nini?

Sababu ya kwanza, kama tulivyokwisha kuona, ni chakula laini. Nyanya, ndizi mbivu, papai, mkate, wali na kabichi iliyokatwakatwa kama kachumbari havimpi mdomo kazi yoyote. Kobe hufungua kinywa, huchota, humeza. Mdomo unaendelea kukua na hakuna kinachousaga.

Sababu ya pili ni ukosefu wa kalisi na jua. Mwili wa kobe, kama wa mtoto wako, huhitaji mwanga wa jua ili utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo kalisi iliyoliwa haitumiki ipasavyo. Mifupa hulegea, taya nazo hulegea na kubadilika umbo, mdomo wa juu na wa chini ukaacha kukutana sawasawa. Ukiona hivyo, mdomo mrefu ni dalili tu ya maradhi makubwa zaidi ya mifupa, sawa na matege kwa watoto.

Sababu ya tatu ni protini nyingi kupita kiasi. Wako wanaompa kobe-chui chakula cha paka, chakula cha mbwa, nyama au mayai, wakidhani wanamjenga. Mnyama huyu ni mla majani. Vyakula hivyo humkuza kwa kasi isiyo ya kawaida na huelemea figo zake.

Sababu ya nne ni majeraha na maradhi. Kobe aliyeanguka kutoka roshani au aliyeumwa na mbwa anaweza kuvunjika taya, na taya ikiunga upande, mdomo hukua upande. Aidha, maradhi ya ini na upungufu wa vitamini A vinaweza kuharibu ukuaji wa gamba la mdomo. Haya hayaonekani kwa macho ya kawaida, na ndiyo maana daktari anahitajika.

Dalili za kuangalia

Kabla hujaingiwa na hofu, ujue mdomo mzima unavyokuwa. Kwa kobe-chui mwenye afya, mdomo wa juu huufunika wa chini kidogo, na ukingo wake huwa na meno-meno madogo kama ya msumeno. Hayo ni maumbile yake, usiyaguse. Msichana mmoja akimwona kobe ana ncha ndogo mbele ya mdomo anaweza kudhani ni ugonjwa, kumbe ndicho chombo chake cha kukatia nyasi.

Mdomo umezidi kipimo ikiwa ncha ya juu imepinda na kupita chini ya kidevu, ikiwa kinywa hakifungi, ikiwa mdomo wa chini nao umechomoza mbele kama jembe, au ikiwa pande zake zimepasuka. Mtazame akila. Kobe mzima huliuma jani mara moja na kulikata. Mgonjwa hulikosa jani mara kadhaa, hulisukuma kwa pua, huangusha vipande, au hulivuta kwa mguu kana kwamba anafuta mdomo. Baadhi huchagua vitu laini tu na kukataa nyasi kabisa. Hapo mwenye nyumba husema, "Huyu hapendi nyasi," asijue kwamba hawezi kuzikata.

Hatari yenyewe iko hapa. Kobe ana uwezo wa kukaa muda mrefu bila kula. Mbwa akikosa chakula siku mbili utamsikia akilia, lakini kobe hunyamaza. Hukonda ndani ya gamba, nawe ukilitazama gamba unaona ni lile lile. Familia nyingi hutambua kuwa mnyama anakufa kwa njaa wakati macho yamekwisha kuzama na miguu imelegea. Kwa hiyo mpime uzito kila wiki kwa mizani, siku ile ile na saa ile ile, na uandike katika daftari. Mpige picha ya mdomo kwa upande kila mwezi. Kazi hii wape watoto. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kabisa kuchora jedwali la uzito na kugundua mapema kwamba mambo yameanza kwenda kombo.

Koleo, kisu na msasa

Tuseme mdomo umekwisha kurefuka. Usiukate kwa koleo, mkasi wa bustani wala kisu. Gamba la mdomo limeshikana na mfupa wa taya, na chini yake kuna nyama hai, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Keratini iliyokauka haikatiki kama karatasi. Huweza kupasuka kama ubao, na ufa ukapanda juu mpaka kwenye nyama. Kobe atatoka damu, atapata maumivu makali, na jeraha la mdomoni likiingia uchafu litaoza. Tena atakataa kabisa kufungua kinywa, na hapo utakuwa umemfungia chakula kwa mkono wako mwenyewe.

Usimvute kichwa kwa nguvu pia. Kobe akiingiza kichwa ndani ya gamba hushika kwa misuli yenye nguvu sana, na mtu anayeshindana naye anaweza kumuumiza shingo.

Daktari wa wanyama hufanyaje? Kwanza hamkati. Humpima uzito, huchungulia kinywa, hugusa taya na gamba kuona kama vimelegea, na huuliza maswali mengi kuhusu chakula na mahali anapolala. Akishuku mifupa, ataagiza picha ya eksirei. Kisha hushika kichwa kwa upole nyuma ya taya, na kuupunguza mdomo kwa kifaa kidogo kinachozunguka, mfano wa kile cha daktari wa meno. Husaga kidogo, husimama ili gamba lisipate joto, hutazama, kisha huendelea. Kobe mkubwa mwenye nguvu, au mwenye hofu nyingi, huenda akapigwa sindano ya usingizi. Ikiwa mdomo umezidi sana, daktari mwenye busara hataumaliza siku moja. Atapunguza sehemu, akurudishe baada ya wiki chache, hadi umbo la kawaida lipatikane.

Madaktari wengi wa mifugo nchini wamezoea ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka. Huko Wajir wanawajua ngamia vizuri mno. Hilo lisikuvunje moyo. Mpigie simu kwanza umuulize kama ana ujuzi wa wanyama watambaao, na kama hana, muulize ni mwenzake gani anayemwamini kwa kazi hiyo. Kwa wakazi wa Nairobi, kumbuka kwamba madaktari wa wanyama hufunzwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, na si vigumu kupata mtu atakayekuelekeza.

Sahani mpya

Sasa tumefika kwenye tiba yenyewe, ile itakayofanya usirudi kwa daktari kila baada ya miezi michache. Chakula cha kobe-chui kiwe nyasi. Kati ya kila sehemu nne anazokula, sehemu tatu ziwe nyasi mbichi na nyasi kavu. Zitoke mahali pasipopuliziwa dawa ya wadudu wala ya kuua magugu, na pasiwe kando ya barabara yenye moshi wa magari. Sehemu moja iliyobaki iwe majani ya aina mbalimbali: mchunga, majani ya viazi vitamu, maua na majani ya haibiskasi, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Sukuma wiki yaweza kuwamo, lakini isiwe chakula cha kila siku. Mchicha na spinachi viwe vya nadra, kwa kuwa vina kemikali inayozuia kalisi isitumike mwilini. Matunda kwake ni peremende. Maziwa, mkate, ugali, nyama na chakula cha mbwa, hapana.

Namna ya kuandaa nayo ina maana. Usikatekate. Mpe jani zima pamoja na kikonyo chake, avute mwenyewe. Badala ya sahani ya plastiki, tumia jiwe bapa lenye uso wa kukwaruza, kwani kila anapoinama kula mdomo utagusa jiwe na kusagika kidogo. Jiwe hilo huokotwa bure, na kazi yake hupita ya vifaa vingi vya kununuliwa.

Kwa upande wa kalisi, walioko pwani wana bahati. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni ni dawa mbili kwa moja: una kalisi tele, na kobe akiuguguna mdomo wake hunoleka. Uoshe, uuchemshe, uuanike, kisha umwekee. Aliye bara anaweza kusaga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kunyunyizia unga wake kwenye majani.

Jihadhari na jambo moja. Kobe aliyezoea nyanya na papai atagoma. Usimshinde kwa njaa. Changanya nyasi zilizokatwa fupi na kile anachokipenda, uongeze nyasi na kupunguza utamu wiki baada ya wiki. Na kama mdomo tayari umezidi, apunguzwe kwanza na daktari, maana nyasi nzuri namna gani hazitamfaa asiyeweza kuzikata.

Jua halipiti kiooni

Wajir mjini iko kiasi cha mita 240 tu juu ya usawa wa bahari, na joto huko ni la mwaka mzima. Nairobi iko mita 1,700 hivi, na mwezi wa Julai hata binadamu huvaa koti. Kobe hana joto lake mwenyewe. Hupata joto kutoka nje, na mwili ukipoa hata chakula alichokula hukaa tumboni bila kusagika vizuri. Kwa hiyo kobe aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mawe anapata hasara mara mbili: hana joto na hana mwanga.

Mtoe nje kwenye jua kila siku inapowezekana, kwenye ardhi yenye nyasi na changarawe. Usimweke nyuma ya dirisha ukadhani inatosha, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia ile miali inayotengeneza vitamini D. Papo hapo mpatie kivuli cha kukimbilia, kwani kobe aliyefungiwa katika beseni juani bila kivuli anaweza kufa kwa joto kwa muda mfupi. Maji nayo yasisahauliwe. Mara mbili au tatu kwa wiki mweke katika beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni, kwa dakika 15 au 20, anywe na kujisafisha.

Usafi wa familia nao ni muhimu. Kobe, hata anayeonekana mzima, anaweza kubeba viini vya salmonela vinavyoleta homa na kuhara. Kutokana na maradhi hayo kwa watoto, tangu mwaka 1975 Marekani imekataza uuzaji wa kasa na kobe wadogo ambao gamba lao halijafikia inchi 4. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na beseni lake lisiwe lile la kuoshea vyombo.

Sheria inasema nini?

Huenda umesoma mpaka hapa ukasema, "Basi nami nitatafuta kobe." Subiri kidogo. Katika Kenya kobe ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, hairuhusu mtu kuokota mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo linaloshughulika na vibali hivyo. Yule mwanafunzi wetu wa kwenye basi, pamoja na huruma yake yote, angeweza kujikuta mahakamani.

Katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kobe-chui yumo katika orodha ya pili, maana yake biashara yake kati ya nchi na nchi ni lazima idhibitiwe. Binamu yake, kobe bapa anayejificha katika nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania, alipandishwa mwaka 2019 hadi orodha ya kwanza, yenye ulinzi mkali kuliko zote. Kilichomfikisha huko ni kukamatwa na kuuzwa nje kama mnyama wa kuchezea.

Kwa jamii za wafugaji kuna jambo jingine la kuzingatia. Kobe hubeba kupe. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa kwa kobe-chui nchini humo pamoja na aina nyingine mbili za kobe wa Afrika, kwa kuhofia kupe wanaoweza kueneza ugonjwa wa maji moyo, ambao huua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ikiwa taifa kubwa liliogopa kupe wa kobe, nasi tuna sababu ya kutowasafirisha ovyo kutoka wilaya moja hadi nyingine, pale ambapo mbuzi ndio karo ya shule ya mtoto.

Je, kama tayari unaye? Usiende kumtupa msituni usiku kwa kuogopa sheria. Kobe aliyeishi na watu miaka kadhaa anaweza kuwa na maradhi ambayo wenzake wa porini hawana kinga nayo, na akitupwa mahali pageni huenda asijue maji yako wapi. Kobe aliyezoea joto la Tarbaj atateseka akiachwa katika ukungu wa Limuru. Nenda ofisi ya KWS iliyo karibu nawe, eleza ukweli jinsi ulivyompata, uombe maelekezo. Wakati unangojea, mpe nyasi, jua, maji na jiwe la kulia.

Na wewe mwanafunzi utakayesafiri kwenda Tarbaj, Wajir au Garissa likizo ijayo, ukimkuta diin anavuka barabara, simamisha gari ikiwa ni salama. Mwinue kwa mikono miwili ukimshika gamba pande zote mbili, usimgeuze chali, mvushe kuelekea upande ule ule aliokuwa akiuendea. Kisha mwache. Kobe-chui anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, na miaka yote hiyo, madhali yuko katika nyasi zake, mdomo wake utapunguzwa na nyasi na mawe ya Wajir.